Sifa za Kuomba

Beatrice wa Mwaya alirudia mtihani wa fizikia akiwa nyumbani, mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kupata E kidato cha sita. Biolojia alikuwa na B, kemia C. Mwaka mzima alisoma mchana kwenye kivuli cha migomba huku akifukuza kuku wasiparue kakao iliyoanikwa. Mwezi wa saba matokeo yalipotoka, ile E ilikuwa imegeuka C.

Baba yake, mzee Sedekia, hakungoja zaidi. Jumapili ileile alisimama kanisani akatangaza kwamba binti yake anakwenda Dar es Salaam kusomea udaktari. Wanawake walipiga vigelegele. Beatrice aliinamisha uso, kwa sababu hata maombi ya chuo alikuwa hajatuma.

Kesho yake alikwenda Kyela mjini kwa mwalimu Lugano, aliyemfundisha biolojia. Mwalimu alitazama alama zake kwenye simu.

"Una sifa za kuomba," alisema. "Lakini kuomba na kuchaguliwa ni vitu viwili, Beatrice."

Akamkumbusha Ambilikile wa Ipyana, aliyepata B tatu mwaka uliopita, akaomba udaktari hukohuko Dar es Salaam, akaachwa. Beatrice alimfahamu. Walisoma darasa moja, na Ambilikile ndiye aliyekuwa akimwelekeza fizikia.

"Kwa hiyo nisiombe?"

"Omba. Ila usiweke huo peke yake. Vyuo vya kati bado vinapokea wa utabibu. Miaka mitatu, unatibu watu. Dirisha lao la maombi linakaribia kufungwa, usichelewe."

Njia nzima ya kurudi Mwaya alipiga hesabu zake. Labda wenye alama kubwa mwaka huu wangekimbilia ufamasia. Labda wasichana wangepewa nafasi zaidi. Kila alipojenga labda moja, sura ya Ambilikile ilikuja kuibomoa.

Jioni aliwaeleza wazazi. Mama yake, Anyes, alisema utabibu nao ni kazi ya heshima. Sedekia aliweka chini bakuli lake la wali. Alisema amekwisha kutamka mbele ya Mungu na watu, na mtu anayeomba vitu viwili kwa pamoja hakiamini hata kimoja. Hakupandisha sauti. Beatrice angeweza kuomba utabibu kimyakimya. Simu ilikuwa yake. Lakini alimwogopa baba yake, na zaidi ya hapo, alitamani mno baba awe sahihi. Akajaza udaktari peke yake. Dirisha la utabibu lilifungwa akilitazama.

Majina yalipotoka hakuchaguliwa. Alisoma ujumbe ule akiwa kisimani, akausoma tena, kisha akajitwika ndoo akaenda nyumbani. Sedekia alipoambiwa aliingia ndani, akafunga mlango. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala ile ya pili. Watu walidhani anaumwa. Walimsimamisha Beatrice njiani kumuuliza safari ni lini, naye akajibu bado, bado.

Jumapili ya tatu, wakati wa shuhuda, Beatrice alisimama mwenyewe.

"Sikuchaguliwa," alisema. "Niliomba, sikupata. Baba alitangaza kwa sababu aliniamini. Naomba msinipongeze tena."

Akakaa. Bibi mmoja wa benchi la nyuma, Tulinagwe, alikuja akakaa karibu naye, akamshika mkono mpaka ibada ikaisha.

Nyumbani alimkuta baba yake akigeuza kakao juani.

"Tata, nimewaambia."

Mzee aliendelea kugeuza. Baadaye aliuliza, "Na mimi ulinitaja?"

"Nilisema uliniamini."

"Ndaga," alisema Sedekia, kwa Kinyakyusa cha shukrani, akageukia upande wa pili ili binti asimwone uso.

Awamu ya pili ya maombi, udaktari ulikuwa umejaa. Beatrice aliomba ualimu wa sayansi katika chuo kimoja cha Mbeya. Safari hii baba hakutia neno. Aliketi karibu tu, akimshikia tochi ajaze. Akachaguliwa.

Siku ujumbe ulipokuja, Anyes aliuacha moto jikoni, akatoka uani akicheza, akiimba wimbo wa kwaya, akawaita majirani. Furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Beatrice alithibitisha nafasi yake, akaweka simu mfukoni, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Huko alilia kwa mara ya kwanza tangu aukose udaktari, akijiziba mdomo kwa khanga, kwa sababu mama yake alikuwa akiimba na hakutaka amkatishe.