Mfalme wa Haragwe

Maisha yake yote Anselme Leroy alikula kwa migongo ya nguruwe. Duka lake mjini Doullens liliuza soseji na mapaja ya kukausha. Lakini kwa Kifaransa Leroy maana yake Mfalme, na hakuna aliyeweza kumwondolea kichwani wazo kwamba babu yake mmoja alizaliwa ikulu, hata kama kwa mlango wa nyuma.

Basi Solène, bintiye wa pekee, alipomleta mchumba aitwaye Porcher, yaani Mchunga Nguruwe, mzee alifura.

"Damu ya kifalme ikalale zizini? Harusini hamnioni!"

Solène hakubishana. Alimpeleka baba yake kwenye ukumbi wa mji, ambako Madame Quesnel, mwalimu mstaafu, alikuwa akieleza asili ya majina. Anselme alinyanyuka wa kwanza kuuliza jina lake, kifua mbele.

"Wafalme hawakuitwa Leroy, bwana wangu," alijibu mwalimu. "Waliitwa hivyo watu wa kawaida. Mmoja kaokota haragwe lililofichwa kwenye keki ya sikukuu ya Wafalme, katawala meza jioni moja. Mwingine kajiona tu. Watu wakawatania, utani ukaganda."

"Na Porcher?" Solène aliuliza.

"Mchunga nguruwe. Huyo angalau alikuwa na kazi."

Ukumbi ulivunjika mbavu.

Sikukuu ya Wafalme ilipofika, Solène alimbembeleza waende kwa akina Porcher. Alikubali kula tu. Siku hizi haragwe lenyewe ni kisanamu cha kaure kinachofichwa ndani ya keki, na akipataye huvishwa taji la karatasi. Anselme aliuma kipande chake, jino likalia ka! Alikisukuma kisanamu shavuni haraka. Avikwe taji mbele ya hawa? Heri akimeze.

Hapo Solène akaweka uma chini.

"Baba, sema mbele ya wote. Harusini utakuja?"

Anselme angefungua mdomo, kisanamu kingeonekana. Mzee Porcher, baba wa mchumba, aliinamia sahani yake. Macho ya Solène yalijaa machozi.

"Basi, nimeelewa," alisema, akanyanyuka kuchukua koti lake.

Moyo wa Anselme ulimpasuka. Alitema kiganjani.

"Nakuja! Nani kasema siji?"

Kiganjani alisimama nguruwe mdogo wa kaure, amelowa mate.

"Mfalme kapatikana!" Mzee Porcher alipiga kelele, akamvika taji. Kisha akamfumba vidole juu ya yule nguruwe. "Sisi tumechoka, mkwe. Sasa mchunge wewe."