Jogoo wa Pili

Nilirudi nyumbani Olasiti na begi moja na jogoo mmoja. Begi lilikuwa la miaka kumi na minane ya kuzunguka: Tanga, Songea, Mwanza, kisha Singida, ambako ndiko nilikompata huyo jogoo. Alikuwa wa aina ya kuchi, miguu mirefu, shingo imenyonyoka manyoya kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mwenye haraka. Sikutaka kufika kwa mama mikono mitupu. Na safari hii nilikuwa narudi kukaa. Nilijiambia kwamba anayekuja kukaa huleta kitu kinachozaa.

Mama alikuwa na matetea tisa na jogoo mmoja mwekundu. Mwekundu alitokana na kuku wa marehemu baba. Kila alfajiri mama aliamka kwa sauti yake, akasali, ndipo akawasha jiko. Mdogo wangu ndiye aliyebaki naye miaka yote hiyo. Ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu Wachaga nyumba ya wazazi ni yake. Alimtazama kuchi wangu kuanzia kucha hadi kilemba.

"Kaka, matetea tisa, majogoo wawili? Umezunguka nchi nzima ukaona utuletee mbabe?"

Nikamwambia Singida nimeona watu wanafuga hata watatu. Akasema basi Singida wana nafasi.

Mama akatafuta njia ya kati. Kuchi akae chini ya tenga wiki mbili, wenzake wamwone na kumzoea, kisha aingizwe bandani jioni kuku wakishalala. Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Wao walikwenda ibadani, mimi nikabaki. Sijawahi kuvumilia kuona kiumbe kimefunikwa. Nikainua tenga, nikijiambia watapigana kidogo halafu watapatana.

Waliporudi, mwekundu alikuwa amejikunyata nyuma ya pipa la maji, jicho la kushoto limezibwa na damu. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi akiwa bado na nguo za kanisani. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jicho lile halikupona, ila kilichotuumiza zaidi ni kwamba mwekundu aliacha kuwika. Jogoo aliyepigwa hawiki mbele ya aliyempiga. Kuchi akawika badala yake, sauti nzito, saa zisizo na mpango. Matetea wakabaki na migongo mitupu kwa kupandwa na wawili. Mama akaanza kuchelewa kuamka, na asubuhi moja nikamsikia akimwomba Mungu radhi kwa kuchelewa.

Mdogo wangu akataka kuchi achinjwe. Nikaomba siku mbili. Nilijua moyoni kwamba jogoo wangu akishindwa kumaliza mwezi pale, na mimi sitakaa sana.

Nikaamua kugawa uwanja, kila jogoo na matetea wake. Mbao sikuwa nazo. Upande wa chini wa kiwanja kulikuwa na masale, mimea ya majani marefu, ambayo baba aliyaleta kutoka Kilimanjaro akayapanda mpakani. Mti wa isale hushika hata ukichomekwa ovyo. Nikakata vipande kumi na viwili, nikavichimbia kwa mstari mnyoofu kuanzia jikoni hadi nyuma, nikafunga wavu. Niliifanya kazi ile nikipiga mluzi. Kwa miaka mingi sikuwa nimejenga kitu ambacho nilitegemea kukiona mwaka unaofuata.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kichaga kama sisi, alichungulia akamwuliza mama, "Kumbe mmeshagawana?"

Mama akaketi kwenye kigoda. Kwetu isale ndilo mpaka. Anayelichimbia ardhini hajengi banda la kuku. Anakata kiwanja.

Mdogo wangu alirudi kutoka kazini jioni, akasimama akiufuata mstari kwa macho, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kwa hiyo jogoo alikuwa kisingizio," alisema.

Nilijieleza. Nilieleza habari za matetea, wavu, kukosa mbao, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Akaniuliza kama kweli mtoto wa Mchaga, mwenye miaka arobaini na minne, hajui isale ni nini. Nilijua. Nilikuwa nimesahau, nikamwambia hivyo. Baadaye nimejiuliza mara nyingi kwa nini mstari wangu uligawa kiwanja katikati kabisa, wakati kuku wangetosha kwenye kona.

Mama akaniambia nifanye linalopasa. Jani la isale hutumika pia kuomba radhi: unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, naye hawezi kulikataa. Nikachuma jani kwenye uzio wangu mwenyewe, nikalifunga, nikampa mdogo wangu kwa mikono miwili. Akalipokea.

"Nimekusamehe, kaka," alisema. "Unaondoka lini?"

Mama alikuwepo. Aliinama akaanza kuokota manyoya uani, moja moja.

Kesho yake kuchi alichinjwa. Tulikula pamoja, watu watatu, tukasifu mchuzi.

Sikurudi Singida kama walivyodhani. Nimepanga chumba Makumira, si mbali, na mdogo wangu hajui. Mama anajua, hupiga simu akiwa peke yake. Aliniambia uzio umeng'olewa, isipokuwa masale mawili yaliyokwisha kushika mizizi. Kuku hupumzika chini yake.

"Halafu mwekundu anawika tena," aliongeza. "Alianza siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka."

Aliisema kama habari njema, na ilikuwa njema. Nikamwambia Mungu ashukuriwe.