Kiapo cha Bi Kwaniaba

Kibanda changu cha fotokopi kinatazamana na lango la mahakama. Nilikianza na mashine moja niliyoipata kwa kubadilishana na pikipiki mbovu, na aliyenipa mashine mpaka leo anaamini ndiye aliyenipiga bao. Nauza karatasi, mafaili, gundi na wino wa mihuri. Wateja wangu wana haraka na wana hofu, na mtu wa namna hiyo hajui kuomba punguzo. Aliyejua ni Bi Kwaniaba peke yake.

Alikuwa karani wa wakili mmoja mzee, ofisi ya ghorofani jirani na mahakama, kwa miaka ishirini na tisa. Wakili akiwa kwenye kesi au safarini, barua za ofisi zilitoka kwa sahihi ya karani, na mbele ya sahihi zimetangulia herufi tatu: k.n.y., kwa niaba ya. Aliziandika kwa wino wa buluu bila kutazama, huku anaongea na mtu mwingine, kama mama anavyofunga mtoto mgongoni. Wachukuzi wa mafaili ndio waliombatiza jina.

"Bi Kwaniaba, leo umekula mwenyewe au umemlia wakili?"

"Nimekula mwenyewe. Kuvimbiwa ndiko nitavimbiwa kwa niaba yako."

Alijua cheo cha kila mtu na mahali pa kukiweka. Nilipoanza kutengeneza mihuri ndiye aliyenikomboa na aibu. Hakimu ni Mheshimiwa, na kwenye karatasi unaandika Mh. Wakili akisimama mbele ya hakimu anaitwa wakili msomi, hata kama hajafungua kitabu tangu aapishwe. Mkuu wa masijala ni Msajili. Ukimkosea cheo, faili lako litapata usingizi mzito. Kamishna wa viapo ndiye anayekuapisha kwamba uliyoandika ni kweli, kisha anagonga mhuri.

"Na wewe, dada, cheo chako kinaandikwaje?" nilimuuliza siku moja.

"Mimi? 'Hebu wewe mama, njoo.' Hakina kifupi."

Hakuolewa. Aliishi na mama yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoiacha baba, yenye ukumbi mdogo mbele ambapo mama huyo, Bi Mkubwa, alishonea nguo mpaka macho yalipomkatalia. Baba alipofariki, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikaa kimya miaka mingi. Bei ya viwanja ilipopanda akakumbuka kwamba kiwanja kile kilikuwa chake, yeye alimwazima kaka yake tu. Akafungua kesi.

Nitakuwa mkweli: ningekuwa yeye, na sina haya, huenda nami ningejaribu. Karatasi ya mauziano ilikwishaliwa na mchwa. Mashahidi wote walikuwa wamezikwa, amebaki Bi Mkubwa, aliyekuwapo kaka alipomlipa mdogo wake, mbele ya mlango, wote watatu wamesimama. Bi Kwaniaba alikuwa hajazaliwa. Nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wa mama.

Na mama alikuwa hospitali.

Wakili mzee aliichukua kesi ya karani wake bila masharti. Hakimu alikubali Bi Mkubwa asiburutwe mahakamani. Alete hati ya kiapo, na siku ya mwisho ni Ijumaa, kabla masijala haijafungwa saa tisa. Wakili akaiandaa hati, akasafiri kwenye kesi nyingine, akamwachia karani kazi iliyobaki: apeleke hati na kamishna hospitali, mama asomewe, aape, aweke dole gumba. Nusu saa ingetosha.

Ijumaa hiyo kamishna alikuwa na watu wengi. Alizoea kuketi kwangu mchana, kwenye ubao wa mbele, hati zimepangwa kama chapati, anagonga mhuri huku anakula. Akamwambia, "Tangulia, dada, nitakukuta huko."

Hakumkuta. Saa saba na nusu Bi Kwaniaba alirudi peke yake, kitambaa cha kichwa kimemteleza, hati mkononi.

"Vipi mama?" nikamuuliza.

"Usiku hakulala kwa maumivu. Wamemchoma sindano asubuhi, ndiyo kwanza amepata usingizi. Nesi ameniambia nimwamshe nikitaka." Akapangusa uso. "Nimemtazama, Bwana Duka. Amelala kama mtoto. Nimeshindwa."

Nikamuuliza saa tisa itakuwaje. Aliiweka hati kwenye ubao wangu, akachukua kalamu, na palipopaswa kuwa na dole la mama yake akaandika k.n.y., akatia sahihi. Mkono haukusita hata kidogo. Kisha akaisukuma mbele ya kamishna pamoja na hati nyingine mbili za ofisi. Kamishna alikuwa anapokea simu. Akagonga, akagonga, akagonga.

Niliona. Mimi si mwanasheria, lakini nimenakili viapo vya kutosha kujua kwamba hakuna hata kimoja chenye herufi zile. Nikajiambia, huyu ndiye aliyenifundisha, mimi ni nani nimfundishe? Halafu kulikuwa na foleni. Nilimhudumia mtu wa fotokopi kumi na mbili, pande zote mbili, na nilipoinua uso alikwishavuka barabara.

Siku ya kusikilizwa nilifunga kibanda nikaenda. Sifungi kibanda ovyo. Wakili wa baba mdogo alikuwa kijana, koti limemzidi mabega. Akasimama.

"Mheshimiwa, mtu anaweza kumwandikia mwenzake barua. Hawezi kumwapia. Naomba hati hii iondolewe."

Hakimu akavaa miwani, akaisogeza hati kwenye mwanga. Wakili mzee akaichungulia nakala yake, na nikamwona anafumba macho.

"Nani ametia sahihi hapa?" hakimu akauliza.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mama alimshika mkono. Wangapi nimewaona wakitoka kwangu na uongo ulionakiliwa nakala tatu! Akasimama kwenye benchi la nyuma.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Mama yako alisomewa?"

"Alikuwa amelala, Mheshimiwa."

Hati ikaondolewa. Kamishna akaandikiwa barua ya kumtaka ajieleze kwa wakubwa wake. Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alitoa siku saba, iletwe hati mpya, mama aape mwenyewe. Jioni ile ile walikwenda hospitali wote watatu: wakili, karani, na kamishna mwingine. Bi Mkubwa alikuwa macho, lakini mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno hayakutoka. Daktari alisema wangojee. Walingoja siku ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano alfajiri akafariki.

Baada ya hapo hakukuwa na kesi. Baba mdogo alikuja msibani, akalia kuliko wafiwa, na mwezi wa pili baada ya mazishi akaja na kufuli. Wakili mzee hakumfukuza karani. Ni yeye mwenyewe aliyeandika barua ya kuacha kazi, nikamnakilia, sikumtoza.

Nikampa kazi. Msidhani ni huruma. Mtu anayejua fomu zote za mahakama kwa kichwa anavuta wateja, na tangu aje foleni imeongezeka. Wachukuzi wa mafaili bado wanapita, lakini jina lile hawalitamki tena. Wanamwita Mama. Utani hawamtanii, nami naona huo ndio umaskini wake mkubwa kuliko wa nyumba.

Mwezi uliopita homa ilinishika. Nikajilaza nyuma ya kibanda, kwenye maboksi. Gari la karatasi likaja, dereva anataka sahihi ya mwenye duka.

"Tia wewe, Mama," nikamsikia dereva. "Si mnafanya kazi pamoja?"

"Subiri."

"Nina safari tano! Andika tu kwamba umempokelea."

"Nimesema subiri."

Akaja nyuma. Nilifumba macho kwa makusudi. Kichwa kilikuwa kinapasuka, nikitumaini ataniachia nilale. Akanishika bega, akanitikisa, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu.

"Bwana Duka. Amka."

"Niache, dada, ninaumwa. Tia wewe."

"Najua unaumwa. Amka."

Nilimkaripia. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Dereva alikuwa anapiga honi. Yeye alisimama juu yangu na kalamu mkononi, machozi yanamtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta, mpaka nikakaa, nikaichukua, nikatia sahihi.