Saba Haichoki

Tangu tumzike ndugu yetu Erastus, watu wamefika hapa nyumbani Chekalini na maneno mengi mazuri. Wamesema alikuwa dereva mwangalifu wa idara ya barabara, na kwamba kwaya haitapata besi nyingine kama ile. Yote ni kweli, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini wako pia wanaonong'ona kwamba alirudi kutoka vitani akiwa mcheza dadu, na mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole kama kuna ukweli. Nilimjibu kwamba Erastus aliuelewa mchezo ule kuliko mtu yeyote, na asingeuelewa, sisi tusingekuwa na shamba hili. Mzee hakuwa na nafasi ya kunisikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo naandika, ili watoto wa Erastus wasije wakapata nusu ya habari.

Aliujulia hospitalini huko Bara Hindi, wakati wa vita, mguu wake ukiwa umefungwa plasta. Vitanda vya jirani vilikuwa vya madereva weusi wa jeshi la Marekani, nao walicheza krapsi juu ya blanketi kutwa nzima. Erastus hakuwa na kitu cha kuweka dau, akawa mtazamaji tu. Alikuwa akisema kwamba anayetazama hujifunza kumpita anayecheza, kwa sababu hana uchungu wala furaha ya kumziba macho.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu hurusha dadu mbili. Mrusho wa kwanza ukitoa jumla ya saba au kumi na moja, ameshinda palepale. Ukitoa mbili, tatu au kumi na mbili, ameshindwa. Ukitoa nambari nyingine, tuseme nne, basi hiyo ndiyo nambari yake. Ataendelea kurusha mpaka nne itoke tena, na hapo ashinde, au saba itangulie kutoka, na hapo apoteze dau. Saba iliyokuwa rafiki yake mwanzoni inageuka kuwa adui.

Askari waliorudi waliuleta mchezo huo kwetu Malinya, tulikokaa wakati ule. Mwaka wa sitini na nne ulikuwa ukichezwa kila Jumamosi ya mapigano ya mafahali, nyuma ya vibanda, kabla ngoma za isukuti hazijaanza.

Ndugu yetu wa pili, Cleophas, alikuwa mtunza fahali. Baba alipofariki alituachia fahali mmoja wa kupigana, jina lake Radi, na Cleophas alimjua kama mama anavyomjua mtoto. Mwaka huo jina la familia yetu lilitoka miongoni mwa watakaopewa mashamba ya wazungu huku Lugari. Malipo ya kwanza hayakuwa yametimia, tukakubaliana Radi auzwe. Bila yeye hakukuwa na shamba. Mnunuzi alisema angekuja baada ya majuma mawili, na Cleophas akaomba Radi apigane mara ya mwisho. Mama yetu Jescah alikubali shingo upande.

Jumamosi hiyo, kabla ya saa nne, jirani yetu Mildred alirudi kutoka uwanjani na kikapu chake cha ndizi bado kimejaa. Alisema amemwona Radi amefungwa kwenye kigingi cha Musonye, mchuuzi wa ngozi, na Cleophas amepiga magoti mbele ya dadu.

Mama alimgeukia Erastus. "Nenda umlete fahali," alisema. "Cleophas naye akitaka, aje."

Nilimfuata Erastus. Alichechemea kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake. Tulipofika, watu walikuwa wamelizunguka gunia lililotandikwa chini. Upande mmoja Cleophas, upande wa pili Musonye, na nyuma yao Radi na mtamba mweusi mwenye mimba wa Musonye, wanyama wote wawili wakicheua bila habari. Tuliambiwa kwamba Cleophas ameweka fahali na Musonye ameweka mtamba, sawa kwa sawa. Cleophas alikuwa amerusha nne. Sasa alitafuta nne nyingine kabla ya saba.

Alipomwona kaka yake hakustuka. Alitabasamu.

"Ndugu, usiwe na wasiwasi," alisema. "Saba imepigana tangu asubuhi. Kila mtu hapa ameiona. Imechoka, hata kusimama haiwezi. Nne ndiyo inatoka malishoni sasa."

Watu waliitikia kwamba ni kweli. Na lazima nieleze hapa, kwa sababu wasiotoka kwetu hucheka. Watu wa Malinya wanajua mafahali. Kabla ya pigano huulizwa nani alipigana juzi, nani amepumzika, nani alikula nini. Fahali aliyepigana mfululizo hushindwa na aliyepumzika, hata kama ni mkubwa kuliko yeye. Kwa akili hiyohiyo ndivyo walivyozisoma nambari za dadu. Saba ilikuwa imetoka mara nyingi asubuhi ile, basi kwao ilikuwa fahali anayetoa povu.

Erastus hakuweza kumvuta Cleophas kwa mkono, maana kwa sheria yao anayeondoka kabla ya mrusho wa mwisho anaacha dau lake. Dau lilifunguliwa tu kama wote wawili wamekubali. Nilimwona akimtazama Musonye, nami nikatazama. Musonye alikuwa analowa jasho.

Erastus alichuchumaa karibu naye. Alimwuliza mtamba amebeba mimba ya miezi mingapi.

"Karibu azae," Musonye alisema. "Mama watoto hajui niko naye hapa."

"Na saba yako unaionaje?"

"Si umesikia? Imepigana sana."

"Hayo wamesema wao. Nakuuliza wewe."

"Imechoka, bwana. Kwani mimi ni kipofu?"

"Kama moyo wako hautaki," Erastus alisema polepole, "mwambie huyu kijana. Kila mtu ashike kamba ya mnyama wake, aende nyumbani."

Musonye aliinuka kabla maneno hayajaisha. Alisema yeye yuko tayari, hana ubaya na mtu. Cleophas ndiye aliyewaka. Alisema mwizi akishashikwa ndipo anapokumbuka kusameheana. Erastus hakupandisha sauti. Alimwambia kamba ile ni ya baba, na akirusha tena, arushe akijua kwamba hana kaka.

Cleophas aliziacha dadu zianguke juu ya gunia. Machozi ya hasira yalikuwa yakimtoka. Watu walimzomea Erastus na kumwita wakili wa Musonye, na mmoja akamwuliza ameahidiwa mguu upi wa ndama. Musonye alimshika mikono yote miwili, akataka kumnunulia chai. Tuliondoka na Radi.

Ungedhani hofu iliishia hapo. Cleophas hakugusa obusuma, ugali wetu, jioni ile. Jumapili hakuja kanisani. Alimwambia mama kwamba ameporwa mtamba mchana kweupe na ndugu yake mwenyewe, na Jumamosi ijayo atarudi Malinya na Radi, na atakayemzuia ajaribu. Mnunuzi alikuwa bado hajafika. Mama alilala kwa maombi, nami pamoja naye.

Jumatatu Erastus alichonga dadu mbili kutoka kwenye mpini wa jembe uliovunjika. Moja aliiacha nyeupe, ya pili akaipaka masizi. Mama alisema dadu haziingii nyumbani mwake. Erastus akamkumbusha kwamba Mathia alichaguliwa kuwa mtume kwa kura. Mama akajibu kwamba mitume waliomba kwanza. Basi Erastus akavua kofia, akaomba, na sisi tukasema amina, hata Cleophas, ambaye alitaka kununa lakini kicheko kikamshinda.

Kisha akamwuliza Cleophas nne hutoka kwa njia ngapi. Cleophas akaziweka kwa vidole: nyeupe moja na nyeusi tatu, nyeupe tatu na nyeusi moja, mbili na mbili. Tatu basi. Akamwuliza saba. Cleophas akaanza: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kisha akageuza rangi, zikawa sita. Akazipanga tena, akitafuta kosa.

"Lakini ilikuwa imechoka," alisema.

"Fahali akipigana, huchoka wapi?"

"Miguu. Shingo."

"Nionyeshe shingo ya hii." Erastus alimwekea dadu kiganjani. "Fahali anakumbuka jana, Cleophas. Mti huu unakumbuka nini?"

Cleophas hakukubali kwa maneno, na Erastus hakubishana naye. Alimwambia arushe, nne iwe yake kila mara, na mimi niweke punje ya mahindi kwenye bakuli moja ikitangulia nne, na kwenye bakuli la pili saba ikitangulia. Mwanzoni nne ilitangulia mara mbili mfululizo, Cleophas akaruka juu akimwonyesha kaka yake kidole. Erastus alimwachia furaha yake. Alisema hata nne kutangulia kumo ndani ya hesabu, ndiyo maana watu hawaachi. Cleophas alirusha mpaka jua likashuka. Sikuhesabu punje, macho yalitosha: bakuli la saba lilikuwa limejaa kama mara mbili ya lile la nne.

"Kwa hivyo pale Malinya," Cleophas alisema hatimaye, "nilikuwa na njia tatu, na yeye sita."

"Na ukaweka sawa kwa sawa. Angalau angekuwekea mitamba miwili."

"Musonye alijua?"

"Angejua angekuacha uondoke?"

Cleophas aliketi chini kabisa. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimeshampa Radi," akatoka nje. Nilipomchungulia alikuwa amesimama kando ya fahali, paji la uso wake limeegemea ubavu wa yule mnyama.

Nilipomweleza mama, alishusha pumzi, akasema Bwana asifiwe, na akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa mabakuli yake.

Jumamosi tulisikia isukuti kutoka uwanjani. Cleophas alikuwa akipalilia mihogo, hakuinua kichwa. Juma lililofuata mnunuzi alikuja, na Cleophas ndiye aliyempa kamba mkononi. Mwezi ule ule tuliletwa kuonyeshwa mipaka ya shamba hili. Erastus alilizunguka lote kwa mguu wake mbovu, akarudi, akaketi kwenye nyasi, akasema sasa anaweza kulala.