Kinyozi Aliyeshika Mpira wa Pumzi

Alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Mkono Mwepesi kwa sababu watoto waliopiga kelele kwa vinyozi wengine, kwake walisinzia. Hospitali ndiyo iliyomshinda. Harufu ya dawa ilimchafua roho. Mama yake alipofanyiwa upasuaji wa henia, yeye alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Sogea basi," mama alimtania. "Sijafa bado."

Alasiri moja alikuwa amejikaza hadi kwenye kiti. Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja mgonjwa wa pumu, asiye na mgeni yeyote. Tangu wageni waingie, kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi. Ghafla filimbi ikakoma. Kinyozi akadhani bibi amepata nafuu, mpaka alipogeuka na kuona midomo yake imekuwa ya kijivu.

"Sista!" akapiga ukelele. "Sista, huyu bibi!"

Wauguzi walikuwa wawili tu. Mmoja alitimua mbio kumfuata daktari chumba cha upasuaji. Wa pili, mwanamama mnene mwenye miwani, aliuchomoa ukutani mpira wa kusukumia hewa, akasimama kichwani pa bibi. Akaubana mdomo wa mpira usoni mwa mgonjwa kwa mikono yote miwili, huku vidole vikiinua taya. Mpira wenyewe ukabaki unaning'inia, hauna wa kuubonyeza.

"Wewe kaka, njoo ushike hapa."

"Mimi? Mimi ni kinyozi."

"Sijakuuliza kazi. Njoo!"

Mama yake akamkamata shati. "Mwanangu, usimguse! Akikufia mikononi, utawaambia nini ndugu zake?"

Alitamani kumtii mama. Lakini shati likachomoka, naye akajikuta ameshaushika mpira, viganja vimelowa.

"Bonyeza," muuguzi akasema. "Taratibu, hukamui nguo. Achia. Ngoja hewa itoke kwanza. Haya, tena."

Mpira ulikuwa mgumu, kama mtu wa upande wa pili anaukatalia. Akabonyeza. Kifua cha bibi hakikuinuka. Nyuma yake mama alikuwa akinong'ona dua. Muuguzi akahamisha vidole, akainua taya zaidi.

"Tena."

Kifua kikapanda, kidogo sana.

"Umeona? Usiniache sasa." Kisha muuguzi akamwinamia mgonjwa. "Bibi, tuko na wewe. Anayekupa hewa ni kinyozi, kwa hiyo ukiamka na upara usinilaumu mimi."

Kinyozi alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu. Utani saa hizi? Ndipo alipoona mikono ya muuguzi inatetemeka hadi kwenye viwiko, na jasho linamdondoka kwenye miwani. Sauti yake tu ndiyo iliyokuwa haitetemeki. Aliitunza kwa ajili ya bibi.

Vidole vilikakamaa, mabega yakawaka moto, asithubutu kubadilisha mkono. Daktari alipoingia na dawa ya mshipani, ilibidi muuguzi amtoe mpirani kwa nguvu. Bibi akasukumwa kwenda chumba cha mahututi, na kinyozi akatapika kwenye sinki.

Siku mbili tatu baadaye alikwenda kumwona. Bibi alikuwa amezinduka, hoi lakini mkali.

"Wewe ndiye uliyechukua ndala zangu?"

Hakujitambulisha. Alipiga magoti akazitafuta chini ya kitanda, akamvalisha.

Tangu hapo kazi ya kunyoa ikamwia nyepesi mno mikononi, kana kwamba mikono inautafuta ule mpira. Mwishowe akamfuata yule muuguzi, akamwambia anataka kusomea uuguzi. Muuguzi akavua miwani.

"Bibi yetu amefariki leo asubuhi. Moyo ulichoka. Bado unataka?"



"Alikuwa na nani?" kinyozi akauliza.

"Na mimi. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

"Basi bado nataka."

Mama yake alikuja juu. "Dume zima ukabebe mikojo ya watu!" Lakini mwanawe alirudia mtihani wa sayansi, akafunga kibanda cha kunyolea, akaingia chuoni pamoja na vijana waliomwita Mjomba.

Leo ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya kifua. Mama huwatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari, naye mwana amechoka kumsahihisha. Wapo wagonjwa wanaoondoka kwa miguu yao, na wapo wasioondoka. Akimpoteza mtu, huenda nyuma ya chumba cha kufulia, akasimama akishika ukuta. Harufu ya dawa ingali inamchafua roho. Akishatulia, hunawa mikono, akaingia kwa anayefuata.