Ini la Mama na Mfungo wa Siku Tatu

Kila Mama alipofunga kula na akina mama wenzake wa maombi, siku ya tatu tumbo lilimkata mpaka akajikunja kama samaki ngege kikaangoni. Wenzake walikuwa na dawa: aongeze siku mbili, pepo atoke. Pepo hakutoka. Aliyetoka ni Mama, kwa machela.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, msichana wa kuitikia jina darasani kwa kunong'ona. Hata hivyo nikatumwa nipeleke mkojo wake hospitalini ndani ya chupa ya soda, nipite nao katikati ya soko la Kibuye, jua kali. Ulitoka nyumbani Migosi ukiwa wa manjano, ukafika rangi ya chai ya rangi. Nilidhani nimeuharibu. Daktari aliufurahia kama zawadi: mkojo kugeuka rangi juani ndiko kulimwonyesha ugonjwa.

Alimweleza Mama hivi: "Ini lako linatengeneza hemu, kile kitu kinachoshika chuma ndani ya damu. Hemu ikitosha, inakiambia kimeng'enya cha kwanza, kile kinachoanzisha utengenezaji huo, kiache kazi. Lakini wewe umezaliwa na kimeng'enya kingine dhaifu huko mbele. Ukikaa na njaa, kile cha kwanza kinashika kasi, cha mbele kinashindwa kumaliza kazi, mabaki yanajaa, unaumwa. Kwa hiyo kula. Usifunge tena."

Mama akauliza kama nusu siku inaruhusiwa.

Wiki iliyofuata akina mama walikuja kwetu kupanga mfungo wa siku saba. Mama akasema "Amina." Nilimsikia nikikoroga uji. Mara ya mwisho alipofunga, miguu yake ilikuwa imelegea, hata mimi hakunitambua vizuri. Nikajaza kikombe, nikatia sukari vijiko vitano, nikakiweka juu ya Biblia yake kwa sababu meza ilikuwa imejaa.

"Kunywa, Mama."

"Yawa!" kiongozi wao akashtuka. "Mtoto, unashindana na Roho?"

"Hapana, mama," nikamjibu kiongozi. "Roho hana shida na uji. Ini ndilo lina shida."

Kisha nikaeleza yote, hemu na vimeng'enya vyake, nikiliangalia zulia. Jasho lilinitoka hadi kwenye visigino.

Mama akanywa kikombe chote. "Nitaomba nikiwa nimeshiba," akasema. "Mungu si kiziwi."

Kiongozi akajishika ubavu. "Na mimi, nyathina, mwanangu, nikifunga huwa naumwa hapa. Umebakisha uji?"