Asante ya Raelynn

Kwa miaka ishirini Bi Verna Stidham aliwapikia watoto wa maskini wa bonde lao, huko milimani Kentucky, Marekani, na hakuna aliyeinuka mezani pake bila kusema asante. Shule zikifungwa, alikuwa akiwapelekea chakula majumbani kwa basi la shule. Kisha wakubwa, ambao njaa wanaisikia redioni tu, wakabadili sheria: mtoto aje mwenyewe shuleni, ale papo hapo, asitoke hata na chembe. Verna akawa mpishi, tena askari wa mlangoni.

Jumanne moja Raelynn, binti wa miaka saba, aliinuka akampita kimya.

"We mtoto! Adabu umeiacha wapi leo?"

Raelynn akazidi kuufuata mlango.

"Nakusemesha wewe! Ndivyo mama yako alivyokulea?"

Raelynn akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. Verna akamshika kidevu. "Haya, sema: asante, Bi Verna."

Mtoto akafungua kinywa. Kipande cha mkate wa mahindi, hakijatafunwa, kikamwangukia Verna kiganjani.

"Cha mdogo wangu," akanong'ona. "Ana homa, hawezi kuja. Asante, Bi Verna."